Hatukumfundisha Wala Hatukumlisha

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), Aali zake, Maswahaba zake na kila aliyefuata mwenendo wao mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu zetu katika imani, tunaandika leo juu ya jambo ambalo tungependa tuseme limewatokea watu wengine, katika msikiti mwingine. Limetutokea sisi, katika uwanja wa msikiti wetu, na mwezi mtukufu wa Ramadhani ndio shahidi.

Usiku mmoja, baada ya swala ya tarawehe, alikamatwa mtoto mlangoni akiwa na jozi mbili za viatu ndani ya mfuko. Waumini waliokuwa wametoka kurukuu na kusujudu rakaa baada ya rakaa walimshika, wakamvua shati na kumpiga. Wengine kwa ngumi, wengine kwa viatu vile vile alivyoviiba. Wapo waliotaja tairi na petroli. Lau si mwadhini wetu, mzee wa makamo, kujitupa juu yake, tungekuwa leo tunaandika habari nyingine. Mtoto akapelekwa kituo cha polisi, watu wakarudi majumbani kula daku na kunuia saumu ya kesho.

Kituoni aliulizwa umri, akasema hajui mwaka aliozaliwa. Aliyekuwa akiandika akamtazama urefu wake, akaandika miaka 18. Waliompeleka walikuwa wamesimama pale pale na hakuna aliyenyanyua mdomo. Kwa tarakimu ile moja mtoto akawa mtu mzima. Alilala na watu wazima kituoni, akasomewa shitaka katika mahakama ya watu wazima, na dhamana ilipokuwa wazi hakutokea wa kumdhamini. Karandinga likampeleka gerezani akae mahabusu. Kesi ikatajwa na kuahirishwa, ikatajwa na kuahirishwa, kwa kuwa upelelezi haujakamilika. Upelelezi wa jozi mbili za viatu!

Mama yake ni mama lishe sokoni. Siku zile alikuwa kwao, amekwenda kuzika. Aliporudi alizunguka wiki nzima akimtafuta mwanawe hospitali na vituoni, hata akaelekezwa gerezani. Wiki ya sita alifika msikitini kwetu akiwa na swali moja tu: je, yupo mtu anayeweza kuthibitisha umri wa mtoto wake? Cheti cha kuzaliwa hana.

Maalim wetu akafungua kabati la madrasa, akatoa daftari la wanafunzi. Jina la mtoto yule lilikuwemo. Mwaka wa kuzaliwa ulikuwemo. Alikuwa na miaka 13. Alikuwa amekwisha kuhifadhi nusu ya Juzuu Amma. Na juu ya jina lake ulikuwa umepigwa mstari kwa wino mwekundu, pembeni pameandikwa: ada hajalipa.

Barua iliandikwa, umri ukathibitishwa, shauri likahamishiwa Mahakama ya Watoto, na Afisa Ustawi wa Jamii akaja kuzungumza na mama. Mtoto akaachiwa kwa masharti, chini ya uangalizi. Viatu vilirudi kwa wenyewe usiku ule ule. Mtoto alirudi baada ya siku 47.

Tulipomwuliza kwa nini aliiba, hakutafuta maneno. Alisema alikuwa na njaa, na jioni ile alifukuzwa kwenye sahani za futari pamoja na watoto wengine wa nje, ili wasivuruge safu za waliofunga. Hayo tuliyafanya sisi. Hakuyafanya Serikali, hakuyafanya kafiri, hakuyafanya adui wa Uislamu.

Hukumu ya Mtume (s.a.w)

Wapo watakaosema kuwa tunamtetea mwizi. Basi na tumrejee yule ambaye kwake tumeamrishwa kurejea tunapohitalifiana.

Abu Daud, Nasai na Ibn Majah wamepokea kisa cha Swahaba Abbad bin Shurahbil (r.a). Alifika Madina pamoja na ami zake, akiwa amepatwa na ukame na njaa. Akaingia katika shamba la mtu, akafikicha masuke ya nafaka, akala. Mwenye shamba akamkuta, akampiga na kumnyang'anya nguo yake. Abbad akaenda kushitaki kwa Mtume (s.a.w), na mwenye shamba akaitwa. Mtume (s.a.w) hakuanza na yule aliyeingia shambani. Alimgeukia mwenye mali na kumlaumu kwamba hakumfundisha mtu huyo alipokuwa hajui, wala hakumlisha alipokuwa na njaa. Akaamuru arudishiwe nguo yake, kisha akaamuru Abbad apewe wasaki moja ya chakula au nusu yake. Na wasaki moja, kama walivyobainisha wanazuoni, ni pishi sitini za Mtume (s.a.w).

Enyi ndugu, ipimeni kesi yetu kwa mizani hiyo. Yule alifikicha masuke, huyu alichukua viatu. Yule alivuliwa nguo na kupigwa, na huyu pia. Yule alipelekwa kwa Mtume (s.a.w) akarudi na nguo yake na chakula. Huyu alipelekwa tulikompeleka, akarudi baada ya siku 47 akiwa na upele mwili mzima na mambo moyoni ambayo kalamu hii inaona haya kuyaandika. Mambo mawili aliyolaumiwa mwenye shamba wa Madina, la elimu na la chakula, ndiyo hayo hayo mawili yaliyotukuta. Tulimfuta katika daftari, tukamfukuza kwenye sahani. Kisha tukajiita wenye kufuata Sunna!

Sheria ya nchi inasemaje?

Imezoeleka miongoni mwetu kudhani kuwa mtoto akishaingia mikononi mwa dola, basi mlango umefungwa na hakuna la kufanya. Dhana hiyo ni ujinga, na ujinga huu unawagharimu watoto wetu.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, inayotumika Tanzania Bara, inamhesabu kuwa mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Imeanzisha Mahakama ya Watoto, ambayo husikiliza mashauri kwa faragha, pasipo umma kuhudhuria, huku Afisa Ustawi wa Jamii akiwepo. Inampa mtoto haki ya kuwa na mzazi, mlezi au ndugu mbele ya mahakama, na haki ya kuwa na wakili. Inakataza mtoto aliye kizuizini kuchanganywa na watu wazima. Na katika kifungu cha 119 inasema wazi kuwa mtoto hatahukumiwa kifungo cha gerezani. Kanuni za Mahakama ya Watoto za mwaka 2016 zimefafanua zaidi namna ya kuendesha mashauri hayo. Nayo Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 15, inasema aliye chini ya miaka 10 hana jinai, na aliye chini ya miaka 12 hana jinai mpaka ithibitike kuwa alikuwa na uwezo wa kujua kuwa alitendalo ni kosa. Ndugu zetu wa Zanzibar wana Sheria yao ya Watoto, Na. 6 ya mwaka 2011.

Basi kama sheria ni hiyo, watoto wanafikaje magerezani? Mwaka 2011 Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ilitoa ripoti ya ukaguzi wa sehemu wanamoshikiliwa watoto, na ilikuta watoto wakiwa pamoja na watu wazima katika vituo vya polisi na magereza. Njia za kufika huko ni nyingi, nasi tumeiona mojawapo kwa macho yetu. Umri huandikwa kwa kukadiria kimo. Mzazi hana habari au hana nauli. Mdhamini hayupo. Mahabusi za watoto ni chache mno: ipo ya Upanga jijini Dar es Salaam, zipo za Tanga, Arusha, Moshi na Mbeya, ilhali mikoa mingi haina. Shule ya maadilisho, wanakopelekwa watoto kwa amri ya mahakama, ipo Irambo, Mbeya, na kwa miaka mingi ndiyo imekuwa pekee kwa Bara nzima. Mama wa Tanga ambaye mwanawe yuko Irambo atamtembelea mara ngapi?

Lakini zingatieni jambo moja. Karibu kila mlango ambao sheria hii imeufungua unahitaji mtu mzima wa kuupitisha. Haki ya kuwa na mzazi au ndugu mahakamani yahitaji mtu aje. Dhamana yahitaji mdhamini mwenye barua ya serikali ya mtaa na kitambulisho. Umri wahitaji cheti au shahidi. Hata pale mahakama inapotaka kumkabidhi mtoto kwa mlezi wa kuaminika badala ya kumpeleka mbali, mlezi huyo sharti awepo na ajulikane. Sheria imeweka ufunguo, nasi tumeacha kuushika. Mtoto asiye na mtu ana haki zote kwenye karatasi, na hana hata moja kizimbani.

Hoja tunazozisikia

Baada ya tukio lile tulizungumza na wengi, na tumesikia hoja nne. Hatutaki kuzifumbia macho.

Hoja ya kwanza ni ya wanaosema: mwacheni, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Methali hii imegeuzwa. Wahenga waliisema kuwaonya wazazi, wasije wakauachia ulimwengu kazi yao. Sisi tumeifanya ruhusa ya kumtupa mtoto, kana kwamba mahabusu ni chuo cha adabu. Na ulimwengu ule unafundisha nini? Unafundisha kuvuta bangi kupunguza njaa. Unafundisha majina ya wanunuzi wa mali za wizi na milango ya nyuma ya nyumba zao. Unafundisha kuwa mwenye nguvu humla mnyonge na hakuna wa kumwuliza. Aingiaye humo kwa kosa la viatu aweza kutoka akiwa na ujuzi wa pikipiki. Halafu tukiibiwa pikipiki tunashangaa.

Hoja ya pili ni ya baadhi ya vijana wetu wenye hamasa ya dini. Wanasema: sharia yetu ni kali kwa mwizi, na aliyebaleghe ni mtu mzima, mambo ya miaka 18 ni ya wazungu. Tunawajibu kwa elimu. Kwanza, Mtume (s.a.w) ametubainishia kuwa kalamu imenyanyuliwa kwa watu watatu, na mmoja wao ni mtoto mpaka abaleghe. Pili, imepokewa katika Bukhari na Muslim kuwa Ibn Umar (r.a) alijitokeza siku ya Uhud akiwa na miaka 14 akarudishwa, akajitokeza siku ya Khandaki akiwa na miaka 15 akakubaliwa, na Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliifanya hadithi hiyo kuwa mpaka baina ya mdogo na mkubwa. Huyu wetu alikuwa na miaka 13. Tatu, adhabu ya wizi katika Uislamu ina masharti ya thamani ya mali, mahali ilipohifadhiwa na hali ya mwenye kuchukua, na inajulikana kuwa Umar bin Khattab (r.a) hakuitekeleza katika mwaka wa njaa. Nne, na hili ndilo kubwa, hukumu ni ya kadhi baada ya ushahidi. Haikuwa kamwe ya umati wa watu mlangoni wakiwa na viatu mikononi. Na kuhusu moto, Mtume (s.a.w) amekataza kuadhibu kwa moto, kwa kuwa hiyo ni adhabu ya Mola wa moto peke yake. Basi aliyetaja petroli usiku ule akiwa bado na udhu, na amtubie Mola wake.

Ama aliyebaleghe kabla ya kufika miaka 18, ni kweli kuwa atasimama mbele ya Allah (s.w) kwa amali zake. Lakini kuwajibika kwake mbele ya Allah hakuhalalishi kumfungia chumba kimoja na majambazi waliokubuhu. Kijana aliyemwendea Mtume (s.a.w) akiomba ruhusa ya kuzini hakuwa mtoto. Watu walimkemea, lakini Mtume (s.a.w) alimsogeza karibu, akamwuliza kama angependa hivyo kwa mama yake, binti yake na dada yake, kisha akaweka mkono juu yake na kumwombea dua. Imam Ahmad ameipokea kutoka kwa Abu Umama (r.a).

Hoja ya tatu ni nzito, nayo ni ya waliodhuriwa. Wanasema: ninyi mnazungumza juu ya viatu, sisi tumekatwa mapanga. Wakazi wa Dar es Salaam hawajasahau hofu ya Januari 2015, pale maduka yalipofungwa na watu wakakimbia mitaani kwa habari za Panya Road, wala hawajasahau Septemba 2022, uvamizi ulipowafikia watu majumbani mwao usiku. Yalimwagika machozi, na ilimwagika damu. Haki ya aliyejeruhiwa ni haki, na hatuandiki kuipunguza. Kijana aliyemkata mtu panga apelekwe mbele ya mahakama, ushahidi utolewe, na hukumu ya sheria ipite juu yake. Hata Sheria ya Mtoto haikusema aachwe. Imesema ashughulikiwe kwa njia inayomfaa.

Tunachokikataa ni kugeuza uovu wa wachache kuwa hatia ya kila kijana mwenye suruali iliyochanika. Baada ya hofu ile ya mwaka 2015 walikamatwa vijana kwa mamia. Je, wote walikuwa na mapanga? Suratul-Hujurat, aya ya 6, imetuamrisha kuchunguza habari tunayoletewa, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Na ulizeni pia vikundi hivyo vinawapata wapi wafuasi. Kijana anayetoka mahabusu akakuta mlango wa nyumbani umefungwa, wa madrasa umefungwa na wa msikiti una watu wanaomnyooshea vidole, atapokewa na nani? Wapo wanaompokea siku ile ile, wakampa chakula, jina na panga. Anayetaka panga zipungue na atangulie yeye kumpokea.

Hoja ya nne ni ya wanaosema: hiyo ni kazi ya Serikali, na sisi Waislamu mfumo unatuonea. Tunajua dhulma ipo, na kurasa hizi hazijanyamaza kuisema. Na leo tunasema tena kwa wenye dhamana: andikeni umri kwa uchunguzi, si kwa macho. Jengeni mahabusi za watoto katika mikoa isiyo nazo. Msiahirishe mashauri ya watoto kana kwamba utoto nao unaahirishwa. Mtaulizwa juu ya mlichopewa kukichunga.

Lakini Suratun-Nisaa, aya ya 135, imetutaka tusimamie uadilifu japo ni dhidi ya nafsi zetu. Basi tujiulize kwa uadilifu: ni mfumo gani uliotuzuia kusema kituoni kuwa huyu ni mtoto? Ni mfumo gani uliofunga daftari letu kabatini? Miaka mingapi tumebishana juu ya mwandamo wa mwezi, tukaandikiana vijitabu na kususiana misikiti, na ni wangapi kati yetu waliowahi kuukanyaga mlango wa mahabusi ya watoto kuuliza kama yumo anayetaka kujifunza Al-Fatiha? Kamati zetu zinachangisha mazulia mapya na mnara mrefu zaidi. Mnara hauna dhambi. Ila mtoto aliye chini ya kivuli cha mnara, njaa ikimwuma, ana haki ya kutangulia.

Aliyetoka akasahau

Katika Suratu Yusuf tunasoma kuwa Nabii Yusuf (a.s) alitiwa gerezani akiwa kijana, hata baada ya dalili za kutokuwa na hatia kuonekana. Alimwambia mmoja wa wafungwa wenzake, aliyedhani kuwa ataachiwa, amtaje mbele ya bwana wake. Mtu yule akatoka, na shetani akamsahaulisha. Nabii wa Allah akakaa gerezani miaka kadhaa kwa sababu mtu aliyekuwa huru alisahau kutamka jina lake.

Ndugu zetu, sisi ndio yule aliyetoka akasahau. Tuko huru, tunaswali, tunakula, tunalala na wake zetu na watoto wetu. Na wako watoto waliosoma kwa walimu wetu, wanaojua sura zile zile tunazosomesha watoto wetu, wanaongoja mtu mmoja aende kutaja jina.

Wala tusidhani ni wavulana tu. Wapo wasichana waliotolewa vijijini kuja kufanya kazi za ndani, wakatuhumiwa wizi na matajiri zao siku ya kudai mshahara, wakajikuta kituoni katika mji ambao hawamjui hata mtu mmoja. Nyumba nyingine katika hizo ni nyumba za Waislamu, na juu ya mlango imeandikwa Bismillahi.

Tufanye nini?

Tumekaa kama kamati, tukatubu, na tumekubaliana mambo yafuatayo. Tunawaomba maimamu na kamati za misikiti mingine wayapime, na wakiyaona kuwa ya kheri wayatekeleze.

Kwanza, hakuna jina litakalofutwa madrasa kwa sababu ya ada. Asiye na uwezo atalipiwa, na fakiri ana fungu lake katika zaka kwa nassi ya Qur'an, si kwa hisani ya mtu.

Pili, daftari la madrasa litaandika tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto na majina ya wazazi wake, na nakala itawekwa kwa imamu. Wazazi wasio na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wao watasaidiwa kuvipata kutoka RITA. Karatasi ile moja ingeokoa siku 47.

Tatu, kila msikiti uwe na wadhamini wasiopungua wawili, waaminifu, wenye makazi yanayojulikana na vitambulisho, watakaokuwa tayari kwenda kituoni hata usiku. Kinamama nao wawe na wao, kwa ajili ya mabinti.

Nne, wenye nafasi wajitokeze kwa Ustawi wa Jamii ili wachunguzwe na kutambuliwa kuwa walezi wa kuaminika. Mahakama isiwe na kisingizio kuwa hakuna wa kumpokea mtoto wa Kiislamu.

Tano, tuombe kibali cha kutembelea mahabusi za watoto, si kwa kupiga picha na sabuni siku ya Idi, bali kila mwezi. Suratul-Insan imewasifu wanaomlisha maskini, yatima na mfungwa, kwa kutaka radhi za Allah, wasitake malipo wala shukrani. Tupeleke chakula, na tupeleke mwalimu.

Sita, ni haramu mtu kupigwa katika uwanja wa msikiti wetu. Anayekamatwa na kosa ataketishwa, ataulizwa jina lake, umri wake na wazazi wake, na ataulizwa kama amekula. Kisha ndipo hatua nyingine zifuate.

Saba, atokaye apokewe. Miongoni mwetu wapo mafundi seremala, mafundi wa kuchomelea, washonaji na wenye maduka. Kila mmoja akimchukua kijana mmoja tu na kumfundisha kazi, tutakuwa tumefanya kazi ambayo gereza halikuwahi kuifanya.

Hatima

Mtoto wetu yupo nyumbani kwa mama yake. Maalim alimfuata mara mbili kumwambia kuwa mstari wa wino mwekundu umefutwa na nafasi yake ipo. Alisikiliza kwa adabu, akajibu kwa adabu, na hakuja. Adhana ikiadhiniwa yeye hupita njia ya nyuma ya soko, asikutane na wanaokwenda kuswali. Yule mwadhini aliyejitupa juu yake usiku ule ndiye peke yake anayeamkiwa naye. Mzee ameanza kumpitia sokoni jioni, wanakaa kwenye benchi la mama, wanakula pamoja. Hamwambii habari za msikiti. Ametuambia sisi tuliokuwa na haraka kwamba Mtume (s.a.w) alianza na chakula.

Ikiwa kijana yule hatarudi katika safu zetu, hoja yake mbele ya Allah (s.w) itakuwa nzito, na yetu itakuwa ipi? Tutasema tulikuwa katika tarawehe?

Tunamwomba Allah (s.w) atusamehe tulichokitenda kwa mikono yetu na tulichokinyamazia kwa ndimi zetu. Awafariji watoto wote waliozuiliwa, awarejeshe kwa wazazi wao wakiwa salama katika miili na dini zao, awaponye waliojeruhiwa na kudhulumiwa, na ajaalie misikiti yetu iwe mahali anapokimbilia mtoto mwenye njaa, si mahali anapokimbizwa. Amin.

Wabillahi tawfiq.